Mahali pa Ngendo

Mukurweini,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Wambugu,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Eldoret, wewe, Monicah na mtoto. Mimi sijambo. Mvua haijapumzika, ng'ombe wanakamuliwa vizuri, ila ndizi zinaiva kabla hatujampata mnunuzi. Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu haziingii kwako, na ujumbe niliokutumia Pasaka bado una tiki moja. Mwai wa duka anakuja huko kununua mahindi, amekubali kukuletea.

Mama ametengenezewa meza. Nianzie kwenye mti, maana huenda umesikia kwamba ule mti wa mukima wa mpakani umekatwa, ukafikiri aliyeukata ni ndugu yetu Gatimu. Siye. Mama mwenyewe aliwaita wenye msumeno wa mashine, akasimama pale na mwavuli hadi ukaanguka. Gatimu alitoka mbio nyumbani kwake akiuliza umekatwa kwa ruhusa ya nani. Mama akamwambia kwamba mti aliogombania nawe tangu tumzike Baba haupo tena, na kama bado ana hamu ya kugombana, agombane na kisiki. Gatimu alirudi ndani. Hajavuka ua kuja kwetu tangu siku hiyo.

Mbao zilipelekwa kwa Kiambi, fundi wa kutoka Chuka mwenye karakana nyuma ya soko. Mama alitaka meza ya kuvuta: ikifungwa iwe ya mtu mmoja na birika lake, ikivutwa iwatoshe watu wake wote. Kiambi alieleza kwamba uso wa meza ungegawanywa katikati, nusu zake ziteleze kwenye reli za mbao, na pengo lizibwe kwa vipande vinavyowekwa chini ya meza yenyewe. Lakini alionya kwamba mbao ni mbichi. Zikae chini ya paa hadi kiangazi, la sivyo zitavimba na reli zitakwama. Mama alijibu kwamba kiangazi ni mbali. Niliona ni haraka ya wazee tu.

Kiambi alipokuja kupima sebule, aliuliza watakaa watu wangapi. Unajua kwetu watu hawahesabiwi, ni mwiko. Mama akamkazia macho. Kiambi akacheka, akasema hata kwao ni hivyo hivyo, "lakini shosho, mimi sihesabu watu, nahesabu matako." Mama alicheka mpaka akakohoa. Wakakubaliana kwamba yeye atataja majina, Kiambi atachora alama ya chaki sakafuni kwa kila jina, na hakuna atakayejumlisha.

Alianza na wewe. Gatimu akamweka mkabala nawe, akamwagiza Kiambi asizidishe upana, mkono wa huyu ufikie chumvi ya yule. Wakafuata Monicah na Nduta, kila mmoja kando ya mumewe, kisha dada yetu Gathoni na Dedan wake, kisha mimi. Mwisho, karibu na mlango wa jikoni, akasema: Ngendo. Nilidhani anajitaja mwenyewe. Binti yako mwenye jina lake nilifikiri amemruka kwa kuwa hamjamleta tangu mazishi ya Baba, nami sikutaka kuchokoza kidonda. Kiambi akachora.

Meza ililetwa wiki iliyopita. Ni kazi safi. Tuliivuta mimi na Kiambi, ikalia kidogo, ikakubali. Mama akaizunguka akiweka kikombe mahali pa kila mtu na kulitaja jina lake. Alipofika kwa Ngendo aliweka kile cha plastiki chenye picha ya sungura, alichomnunulia binti yako alipozaliwa. Nikamwuliza yeye atakaa wapi. Akasema, "Mimi nikae nifanye nini, na simezi?"

Kaka, Mama ana saratani ya koo. Nduta ndiye aliyempeleka hospitali mjini Nyeri, akaapishwa asimwambie hata mumewe. Madaktari wamemrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa naona anaacha githeri na kuomba uji, nikalaumu meno. Amenikataza kukwambia, maana hataki uje kwa ajili ya ugonjwa. Navunja katazo hilo nikiwa na akili timamu. Meza si ya Krismasi. Ni ya siku mtakayorudi kutoka kaburini, mkae mkitazamana, mle kabla ya yeyote kutaja shamba.

Nimempigia Gathoni huko Endarasha. Anasema atakuja iwapo ndugu zake watakuja. Gatimu, kupitia Nduta, anasema hatatangulia kabla yako. Sikuandikii kwa kuwa nina tumaini. Nakuandikia ili usije ukasema hukuambiwa.

Juzi nilijaribu kuifunga meza, ikakataa. Kiambi alikuja na nyundo ya mbao, akapaka reli sabuni, akasukuma, akaacha. Anasema itafungika Januari mbao zikikauka. Daktari hakutaja Januari. Kwa hivyo imeijaza sebule, tunapita ubavu ubavu kati yake na ukuta. Mama hunywa uji jikoni, ameketi kwenye kigoda, bakuli likiwa magotini. Vikombe amekataa viondolewe. Huvipangusa vumbi na kuvirudisha. Mlango wa jikoni ukiwa wazi, kutoka pale alipo anaona mahali pamoja tu pa meza: pa Ngendo.

Nisalimie Monicah. Mtoto mwambie kikombe chake kipo. Mama hajui kwamba nimeandika, ndiyo maana hakutumi salamu, angejua, angetuma. Mungu awalinde huko, na awalinde njiani kama mtaamua kusafiri.

Ni mimi dada yako,
Nyawira