Mlango wa Pili Kutoka Wapi?

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Shangazi yako ndiye ameshika kalamu. Ukikuta maneno ya adabu, ni yake.

Goti bado linanisumbua. Jana fundi bomba aliambiwa atoboe ukuta wa chumba cha mlango wa pili, apitishe bomba. Alitakiwa ahesabu kutoka getini; yeye akahesabu kutoka alipotua mfuko wake, akatoboa chumba chetu. Sasa wapita njia wananisalimia huku navaa!

Nikakumbuka simu yako. Ulisema unakagua programu aliyoandika bosi wako. Ndani yake, anwani ya mahali pa kuchukua kazi inasema "rudi hatua moja nyuma", nayo inaanza kuhesabu kwenye kompyuta ya mtu, badala ya kwenye ghala kuu la mtandaoni ambako kazi ilinakiliwa kutoka. Watu watachota kazi isiyo yao. Kosa umeliona, ukanyamaza, kwa kuwa hujathibitishwa kazini.

Tangu hapo sikai nikatulia, nafagia palipofagiwa. Hivi nililea mtu au kinyago? Usiipitishe programu hiyo. Mwambie leo, kwa heshima, lakini mwambie.

Akikufukuza, njoo. Kitanda ni chembamba, lakini babu yako atahamia kwenye kochi, apende asipende.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda kwa hasira.