Nungunungu wa Kusikiliza

Jumatatu, 7 Julai
Nimefungulia mbuzi. Nimenoa mkuki. Upepo wa kiangazi ule ule, unatoa machozi.

Shija amekuja na simu kunipiga video. Ni mtoto wa dada yangu, mtu mzima, ana ndevu na kibanda cha kuchajia simu hapa Nyarugusu. Nungunungu wamemaliza viazi vya shemeji yangu Masanja, kibali cha kuwawinda tumepewa kijijini, kwa hiyo kazi ni yangu. Sisi Banunguli, wawindaji wa nungunungu, hatutegi mitego. Tunaingia shimoni kwa tumbo, mkuki mbele, mpaka kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyefika nilikofika mimi. Mara moja nilitambaa sana nikatokea Buseresere, watu wakaniuliza nimekuja na basi gani.

Lakini video si ya viazi. Ni ya Mama Kabula, mke wangu. Mwaka huu macho yake yameisha kabisa. Giza. Na tangu yaishe ameacha kunibishia. Zamani nikisema nimeua chatu, anasema mjusi. Nikisema nimekimbizwa na fisi, anasema mbwa wa jirani. Sasa nasema chatu, anaitikia "ehe". Basi. Ehe. Naongea peke yangu ndani ya nyumba yenye mtu.

Sipendi.

Mawindo yetu wanawake hawaendi. Nitamletea nyumbani asikie mwenyewe. Masikio anayo.

Jumanne, 8 Julai
Nimemwekea video. Upepo mwanzo mwisho. Fuuuu. Katikati kuna mtu anaongea kama kafunikwa debe, kumbe ndiyo mimi.

Mama Kabula kasikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Asante, Baba Kabula. Huko kuna upepo." Karudi kwenye karanga zake.

Heshima hiyo imeniuma. Nilitaka anitukane.

Shija anasema simu ilikuwa mbali. Ilikuwa mbali kwa sababu yeye alikuwa mbali. Anaogopa miiba. Nimemwambia avae ngozi ya kiume.

Alhamisi, 10 Julai
Shija kaleta maiki ndogo kama mende, inabanwa kwenye shati. Karibu na mdomo ndiyo kazi yake, anasema. Upepo ukaipiga vile vile.

Ndipo Masanja akakata kipande cha ngozi ya kondoo, manyoya nje, akaifunga maiki kama mtoto mchanga. Upepo kimya! Hata Shija kashangaa. Naandika hapa kwamba wazo lilikuwa langu. Masanja hajui kusoma.

Furaha ikawa fupi. Upepo ulipoondoka tukasikia karasha. Wale wachimbaji bondeni wanasaga mawe ya dhahabu kutwa, mashine zinanguruma, huzisikii tena maana umezizoea. Maiki haijazoea. Mama Kabula kaniuliza kwa upole kama tulikuwa tumepita mgodini.

Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kweli. Nimekosa raha siku nzima.

Jumamosi, 12 Julai
Tumeondoka alfajiri, karasha hazijawashwa, tukashika upande wa pili wa kilima. Kimya hadi unasikia mchwa wanatafuna. Shija kasimama mbele ya simu kapiga kofi, pwaa! Anasema kofi linasaidia baadaye kuunganisha picha na sauti. Kanga wote wa kilima wakaruka.

Masanja: "Shija, unampigia nani makofi, kazi hata haijaanza?"

Shija: "Nampigia mjomba wangu, anasema yeye ni bingwa."

Nilicheka. Halafu nikaingia shimo dogo la majaribio, nikaimba kidogo, nikatoka. Sauti safi. Upepo hakuna, karasha hakuna. Ila kwacha, kwacha, kwacha, juu ya kila kitu.

Hirizi yangu. Ya baba, ina kauri na vipande vya chuma, inakaa kifuani. Maiki nayo kifuani. Kila nikivuta pumzi, kwacha.

Mama Kabula kasema anasikia mtu anatikisa njugu kwenye kibuyu. Kaenda kulala mchana. Yeye alikuwa halali mchana hata akiugua.

Jumapili, 13 Julai
Misa. Baada ya misa Shija kaniambia nivue hirizi.

Nimemkaripia mbele ya watu wanaotoka kanisani. Mnunguli haingii shimoni mtupu. Baba aliingia nayo maisha yake yote na akatoka kila mara, akafia kitandani kwake amekunywa uji. Hiyo si sauti, hiyo ni uhai wangu. Maiki wabane kwingine, mgongoni, kisigino, wanajua wao. Shija anasema mgongoni itakwaruza udongo. Ana majibu huyu mtu.

Masanja akaingilia: "Shemeji, si ulisema nungunungu akisikia jina lako anatoka mwenyewe kaleta miiba mkononi? Sasa hirizi ya nini?"

Nikaikamata hirizi kifuani. Nikaenda zangu nyumbani.

Jumanne, 15 Julai
Kabula kapiga simu kutoka Mwanza. Nimesikia mama yake akimjibu, "Niko tu, mwanangu."

Niko tu.

Mwanamke huyu alimtoa padre jasho kwa kubishania siku ya ubatizo. Alimfukuza mnunuzi wa pamba kwa maneno matupu. Leo yuko tu.

Nitavua. Naogopa. Sawa, nimeandika.

Alhamisi, 17 Julai
Shimo la kweli, kubwa, lenye nyayo mbichi. Alfajiri. Kofi la Shija limepigwa nyuma ya kichaka, taratibu, kanga hawakujua. Hirizi nimemvisha Masanja. Kajifanya amekuwa mzito ghafla, anatembea kama mtemi. Nimemwambia asizoee.

Kamba mguuni kama kawaida. Utaratibu wetu ni huu: wa ndani anaimba, wa nje wanalaza sikio chini. Wimbo ukikatika, wanavuta. Basi. Hakuna kuuliza.

Nikaingia. Joto. Harufu yake kali kama mkojo wa mbuzi dume. Kifua kilikuwa kitupu, nilikihisi kila nikivuta mkono mbele. Nikaimba. Mbele yangu yule bwana akaanza kutikisa miiba, shwaaa, shwaaa, na kugonga miguu. Nikasogea. Nikamchoma.

Udongo wa juu ukaniangukia mgongoni.

Sikuweza kuimba. Kuna muda hapo siujui. Kisha mguu ukavutwa, nikatoka kinyumenyume kama ndama anayezaliwa vibaya, mkuki mkononi, nungunungu kwenye mkuki. Mwiba mmoja begani. Masanja alikuwa analia, anasema ni vumbi.

Nungunungu mkubwa kama ndama. Sawa, mbuzi. Sawa, mtoto wa mbuzi.

Shija kavaa hedifoni anasikiliza alichonasa, anatabasamu. Nimemuuliza imekuwaje. Kasema, "Mjomba, safi kabisa. Kila kitu kinasikika. Kila kitu." Sijapenda alivyosema.

Ijumaa, 18 Julai
Tumekaa sebuleni. Mama Kabula katikati, spika mbele yake. Katunyamazisha wote, hata kuku katoa nje.

Magoti yangu kwenye udongo. Pumzi. Wimbo. Hakuna fuuuu, hakuna karasha, hakuna kwacha. Miiba ilipolia shwaaa akanishika mkono kwa nguvu. Sijashikwa hivyo siku nyingi.

Udongo ukaanguka. Wimbo ukakatika. Halafu, safi kama redio, mtu analia: "Mama Maria! Nitoe humu! Nitakupa mbuzi mweupe, Mama Maria, yule mweupe!"

Nikasema haraka huyo ni Masanja.

Mama Kabula: "Masanja mlikuwa naye shimoni? Mmelala mzungu wa nne?"

Masanja akaanguka kwenye mkeka anacheka. Mke wangu hakuniachia. Akasema Bikira Maria lini alikula mbuzi. Akasema yule mweupe ni wake, si wangu, mimi natoa rushwa kwa mali ya mtu. Akasema kwa mlio ule wa miiba nungunungu hakuzidi kuku mtetea, arudishiwe apime tena. Shija akarudisha. Akasikiliza. "Kuku," akasema. "Tena wa kienyeji."

Nikabisha. Akabisha. Nikapandisha sauti, akapandisha zaidi. Jirani kaja kuchungulia kama kuna ugomvi.

Nimetoka nikasimama zizini na mbuzi. Nimekaa huko mpaka uso ukakauka.

Jumapili, 20 Julai
Asubuhi nimepeleka mbuzi mweupe kanisani. Padre kauliza wa nini. Nimesema wa shukrani, tuishie hapo.

Mchana wamekuja akina mama wa jumuiya. Mama Kabula kawakalisha, kawawekea sauti, lakini haachi isikike yenyewe. Anaizima, anaeleza, anaiwasha. Shimo sasa linapita chini ya kanisa mpaka kisimani. Nungunungu ni saizi ya dume la ng'ombe, na macho mekundu. Mimi nimeng'atwa, nimeng'ata. Akina mama wanasema "Yesu!" na kushika vifua.

Ilizidi. Hata kwangu ilizidi. Nikasema, "Mama Kabula, alikuwa wa kawaida tu yule."

Akageuza uso upande wangu. "Baba Kabula, wewe ulikuwa gizani, uliona nini? Mimi ndiye niliyesikia."

Nikavuta kigoda, nikakaa nao, nikasikiliza.