Chungu Chenye Tundu na Sakafu Isiyolowa

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijafa, maana daktari ameacha kunibadilishia dawa na mimi nimesoma vya kutosha kujua maana yake.

Ni mama wa hapa Kikima, na kazi yangu ya maisha ilikuwa kuchimbua vitu vya kale na kueleza vilitumiwa vipi. Kando ya kitanda changu kuna chungu tulichokitoa kwenye kaburi la kale la mwanamke, kilimani karibu na Kabati, na watu wa makumbusho wameniazima nimalizie maandishi yangu ya mwisho. Kimetobolewa kitakoni kwa makusudi, kama vyungu vyote vya makaburi yale, na miaka yote nimefundisha kwamba waliomzika walikitoboa ili asirudi nyumbani kuomba maji, kwa kukosa cha kuyabebea. Wanafunzi wakaandika hivyo, wakapita mtihani.

Sasa naungama. Tangu kiangazi hiki kianze kinywa kinanikauka hata nikinywa, na jioni moja nilimwonea huruma mwenye chungu nikakimiminia maji ya kikombe changu, nikijua yatapita tu, lakini sakafu yangu ni ya saruji, mshauri, na haikulowa, na kesho yake nilipomimina tena haikulowa, na Mbithe, mke wa mwanangu, akaja na kitambaa akapapasa chini akasema, "Mama, hata mbuzi hapewi maji kwa chombo kinachovuja, lakini haya yameenda wapi?" nami, profesa mzima, nikainama kupapasa pia. Nilipitisha kidole ndani ya chungu kikatoka na vumbi.

Tangu hapo namimina kila jioni, na nimeanza kuamini kwamba tuliwaelewa vibaya, kwamba tundu lile lilikuwa la kumpitishia maji, walio hai wamimine huku naye anywe kule, na sisi tulipokichukua tukamwacha na kiu yake. Mwanangu Mwau, mzee wa kanisa, anasema, "Mwaitu, mama yangu, hicho ni chungu cha aimu, cha mizimu, siku utakapofumba macho nitakivunja kwa nyundo," na makumbusho wamepiga simu kwamba gari laja kukichukua, nami, Mungu anisamehe, nataka kuzikwa nacho, kwa sababu naogopa kiu kuliko ninavyoogopa kufa. Nifanye nini?

Kalondu, Kikima

JIBU

Mama Kalondu, pole kwa ugonjwa, na pole zaidi kwa hiyo kiu.

Lakini lazima nikugombeze. Ulimchimbua mwanamke wa watu, ukamwelewa vibaya, na sasa unapodhani umemwelewa unataka kumnyang'anya mara ya pili? Kama kweli anakunywa kwa chungu hicho, basi ni chake. Elimu yote hiyo, Mama, na hilo hukuliona?

Kuhusu sakafu, nilitaka kukuambia kwamba saruji yenye nyufa hunywa maji. Kisha nikarudia pale uliposema kidole kilitoka na vumbi. Sina maelezo, na sitajifanya ninayo.

Mwite Mbithe akuandikie maana mpya ya tundu chini ya ile ya zamani. Ya zamani usiifute, maana uliyekosea mara moja unaweza kukosea tena. Gari likija, wape chungu pamoja na ombi lako kwamba kirudishwe kwenye kaburi lake. Wanaweza kukataa, lakini hawatasema hawakuombwa. Mwau mwambie nyundo ni ya misumari, na kwamba hawezi kuvunja kitu ambacho si cha mama yake.

Kwa kiu yako una kikombe chako mwenyewe. Mpe Mbithe, umwonyeshe mahali pa kutoboa, uzikwe nacho. Atacheka kwanza, kisha atafanya.

Jioni moja kabla ya gari kufika, mmiminie mwenye chungu maji na umwambie kwa sauti kwamba umeomba arudishiwe chake. Sakafu ikilowa, ujue ametosheka.

Isipolowa, mwongeze.