Mkarafuu wa Bondeni

Tibirinzi, Septemba 1959

Kwa mume wangu Silima,

Salamu zikufikie huko Tanga. Sisi wazima, na mbuzi wetu kazaa pacha.

Tangu nipewe usimamizi wa wachumaji, jana ndiyo kwanza nimemkatalia jambo mwenye shamba. Ule mkarafuu mkubwa wa bondeni umezaa sana, lakini moyo wangu uliukataa.

"Umeona nini?" Bwana Zahran aliniuliza kwa ukali.

"Sijaona kitu, Bwana. Lakini watu wangu hawaupandi."

Nikajua kazi yangu imekwisha. Akavua viatu aupande mwenyewe. Akaushika, akatazama juu kitambo, kisha akakumbuka kuwa ana safari ya Wete.

Mti bado umesimama. Leo asubuhi Bwana kaja kuniuliza tuanzie kuchuma wapi.

Mkeo,
Mwatum