Sharubati Bila Sukari

Ruvu, Kibaha
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Naomba barua hii ikukute umeketi kibarazani na siyo kitandani. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kaka Danieli akuletee uliipata, au ameisahau kwenye basi kama kawaida yake? Sisi huku hatujambo. Mvua zimechelewa, lakini mto upo, na mboga za bondeni hazijatutupa. Neema yuko darasa la tano sasa. Mumeo Yosia ameng'oka meno mawili ya mbele, anasema usimwache kwa ajili hiyo.

Mama, nakuandikia kukushukuru. Umeniokolea kazi yangu na jina langu, nawe uko huko Chole, huna hata habari.

Unajua mimi ndiye muuzaji wa duka la ushirika hapa kijijini, na ufunguo nakaa nao mimi. Sukari imekuwa adimu. Ikija, kila kaya inapata kilo moja, na safari hii gunia liliisha nusu ya foleni haijafika. Watu wakarudi na vikapu vitupu, wengine wakinitazama kwa jicho nisilolipenda. Tunakunywa chai ya chumvi, mama, mpaka nyumbani kwa mchungaji.

Sasa, nilikuwa nimewaambia watoto kwamba likizo hii hatuji Chole, nauli hakuna. Yosia alilia. Neema hakulia, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana mtoto yule akinyamaza ana shauri. Siku mbili baadaye, mimi nikiwa dukani, wakabeba meza yetu ndogo mpaka pale mabasi ya Morogoro yanaposimama, pamoja na ndoo yenye kifuniko na vikombe vinne, wakaanza kuuza sharubati ya ndimu. Ndimu waliomba kwa jirani. Yosia ndiye aliyekuwa akiita wateja kwa ule mdomo wake wenye pengo. Niliambiwa wanauza maji ya ndimu, nikacheka, sikuuliza zaidi.

Jumamosi ya wiki iliyopita, mama mmoja wa hapa hapa kijijini aliteremka kwenye basi, akanunua kikombe. Kumbe kitamu. Akaja nacho moja kwa moja mpaka dukani, mbele ya watu waliofuata mafuta ya taa.

"Onjeni wenyewe! Sisi tunakunywa chai ya chumvi, watoto wa muuza duka wanauza sharubati!"

Mara mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salumu, akaitwa. Hakufoka. Alinyoosha mkono tu. "Binti, lete ufunguo kwanza. Twende tukawaulize watoto."

Siku hizi mtu akiitwa mlanguzi, hata akisafishwa baadaye, jina halitoki. Na nani angeniamini? Sukari ilikwisha, ufunguo ninao mimi, na sharubati ni ya wanangu. Nilitangulia mbio kituoni, wao wakafuata.

Mwenyekiti alipofika alimwinamia Neema. "Mjukuu wangu, sukari mmeipata wapi?"

"Si sukari, babu. Ni miwa."

Watu wakaguna. Yosia akadakia, "Twendeni nyumbani tukawaonyeshe!"

Tukaenda wote, umati mzima. Watoto wakachukua miwa yetu ya bondeni, wakaimenya, wakaikata vipande, wakatwanga kwenye kinu kwa zamu. Neema akakamua kwa kitambaa mpaka bakuli likajaa, akatia ndimu na maji. Mwenyekiti akanywa. Akanywa tena.

"Nani kawafundisha haya?"

"Bibi yetu wa Chole. Ndivyo anavyotutilia kwenye uji."

"Aa, watu wa Chole! Hawa hata ukiwanyima sukari wataikamua kwenye fimbo!"

Watu wakaangua kicheko. Akanirudishia ufunguo mbele ya wote, akasema watoto waendelee na biashara yao, ila wasiyakimbilie mabasi. Na yule mama aliyeleta kikombe alibaki nyuma, akaomba aonyeshwe tena namna ya kukamua.

Mama, nilipokuwa mdogo niliuonea haya uji wako wa miwa. Wenzangu walikuwa na sukari ya dukani, nami nilifuta mdomo vizuri kabla ya kwenda shule wasije wakajua. Uliona, lakini hukuacha kuupika. Asante sana, mama yangu.

Nauli ya kuja imepatikana, ya kurudi nitaongeza mimi. Tutafika likizo ikianza. Usichinje kuku, ingawa najua utachinja.

Nisalimie kaka na wifi, mama mdogo anayeuza vitumbua, na mzee wa kanisa aliyesimamia ubatizo wa watoto nilipokuwa mgonjwa.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini kuna kipande nimekiruka, na bora ukisikie kwangu kuliko kwa watoto. Nilipofika kituoni, kabla ya mwenyekiti, nilimpiga Neema makofi mawili mbele ya abiria. Nilimwita mwizi. Alikuwa akisema, "Mama, ni miwa," nami nikamwambia anyamaze. Mwenyekiti, mtu baki, ndiye aliyemwuliza.

Jioni nilimkuta anaosha vikombe. Mtu mzima kumwomba mtoto radhi, kwetu sijapata kuona, lakini nilichuchumaa kando yake nikasema, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Hakuniangalia. Aliosha mpaka kikombe cha mwisho, ndipo akasema, "Mama, kutwanga kunatuumiza mikono. Jumatatu utwange wewe."

Nimetwanga wiki nzima, mama, kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Viganja vimejaa malengelenge, ndiyo maana mwandiko wangu leo umekaa hivi.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Eliza