Baridi Iliyoishi Ngomeni

Appingedam, Ijumaa, 13 Juni

Kaka Wiebren,

Lobke anapanda darasa la tano. Hayo aliyatamka jana saa tisa na robo alasiri mwalimu mkuu wetu, Alberdien Kuiper, mbele ya mama wa mtoto na mbele yangu, nami nimeona uyapate kabla hata ya salamu. Sasa salamu. Hujambo wewe, na wifi Aukje je? Goti lake limeikubali baiskeli tena? Mimi ni mzima, ila sauti imekwaruza kidogo, kama inavyompata mtu aliyetoka chumba cha habari akaingia chumba chenye watoto ishirini na sita.

Tulipozungumza kwa simu wakati wa Pasaka uliniuliza nafundisha nini hasa. Nafundisha maneno, na kuelewa kinachosomwa. Ukadhani ni kazi moja. Hata mimi nilidhani hivyo, hadi nilipokutana na Lobke.

Ana miaka tisa, ni binti wa Trijntje anayeuza samaki sokoni siku za Jumamosi. Husoma akiwa amesimama, goti moja juu ya kiti. Mwezi wa Novemba darasa zima lilifanya mtihani wa kusoma. Hadithi ilikuwa ya mvulana aliyeingia katika ngome ya kale kumtafuta mbwa wake. Swali la tatu liliuliza ni nani aliyeishi ngomeni. Lobke aliandika: “Baridi kali.” Swali la tisa liliuliza, kwa Kiholanzi chetu, slot la hadithi likoje. Aliandika: “Lina kutu, linataka mafuta.”

Wewe fundi kufuli najua umecheka, na najua ungejibu hivyohivyo. Kwako slot ni kufuli. Kwa mtoto wa huku pia ni kufuli, maana kila mmoja ana baiskeli na kila asubuhi anapambana na kufuli lililoliwa na hewa ya bahari. Lakini slot ni ngome pia, na ni mwisho wa hadithi. Vorst nalo ni baridi inayogandisha mifereji, na vilevile ni mtawala. Ngome ya hadithi ilikaliwa na vorst, yaani mtawala. Lobke akaweka baridi, na kwa kweli baridi ndiyo mkazi wa ngome zote nilizowahi kuingia.

Alipata alama nne kwa kumi. Mwezi wa Januari ikapendekezwa arudie darasa la nne. Habari haikukaa ofisini. Kufikia wiki iliyofuata, Rinus anayekaa nyuma yake alikuwa akimwita fundi: “We fundi, leta mafuta, mlango unalia!” Lobke alimjibu kwamba mlango haulii, ni yeye anayepiga kelele. Lakini aliacha kunyoosha mkono darasani. Trijntje aliniambia kwamba nyumbani ameacha pia kusoma hata maandishi ya kopo la chokoleti ya mkate, kitu alichokuwa akikisoma kwa sauti kila asubuhi hadi wakamwomba anyamaze.

Mwezi wa Machi nilianza kufundisha maneno kwa njia ninayoijua. Kila Jumatatu ninatoa neno moja. Watoto wanakwenda kuwauliza watu watatu maana yake, na kuandika jina, umri na saa. Asiye na jina la msemaji hana habari. Jumatatu ya tatu nilitoa slot. Kesho yake Lobke alisoma daftari lake: mama yake, kufuli; mwuza jibini, ngome; babu wa jirani, miaka themanini na moja, saa kumi na dakika ishirini, mwisho wa hadithi. Akafunga daftari. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, kumbe siku ile mlikuwa mnaniuliza mwisho?” Nikamwambia ndiyo. Akasema mwisho anaujua: mvulana alimpata mbwa, akaliacha lango wazi, maana aliyefungiwa ndani mara moja hapendi mwingine afungiwe. Ilikuwa imepita miezi minne, na aliukumbuka neno kwa neno. Rinus alisema, “Basi sisi wote tuliandika tu kwamba alimpata mbwa.” Ilikuwa kweli, nimehakikisha.

Nilitoa karatasi yake kabatini nikaisoma upya. Kati ya makosa sita, matano yalitoka kwenye maneno mawili tu. Kutu ilikuwa imetajwa katika aya ya nne, nusu sentensi, na hakuna mtoto mwingine aliyeiona. Huyu alikuwa msomaji makini kuliko wenzake wote, aliyepungukiwa maana mbili. Mwezi wa Mei alipewa hadithi mpya. Alipata tisa.

Kuna jambo nimelizungukia, kaka. Mapendekezo ya Januari yalikuwa na sahihi moja, nayo ni yangu. Nilisahihisha karatasi ishirini na sita Ijumaa moja mchana, nikacheka kwenye jibu la baridi, nikachora alama ya kosa, nikajumlisha. Wewe ulirudishwa darasa ukiwa na miaka hiyohiyo tisa, na tangu siku hiyo hujafungua kitabu kwa hiari. Miaka yote nimekuwa nikikwambia aliyekurudisha alikuwa mvivu wa kusoma. Sasa namjua wa pili.

Gazetini, kwa miaka ishirini na miwili, nilichapisha masahihisho saba, yote kwa herufi ndogo. Hili la nane nililisoma jana nimesimama. Trijntje alisema watu wa gazeti wamezidi maneno. Akaongeza kwamba angalau nilisoma mara ya pili. Lobke, tulipomwita ndani, aliuliza kama mimi nami nimepigwa alama ya kosa. Nikampa kalamu nyekundu na yale mapendekezo. Alichora alama kubwa, kisha akaandika chini yake: “Soma tena.” Karatasi hiyo nimeibandika juu ya meza yangu.

Msalimie sana Aukje, na watoto wakipiga simu wape salamu za shangazi yao.

Darasa linataka kuuona ufunguo wa neno lao. Jumanne, tarehe 24 Juni, saa tatu kasorobo asubuhi, njoo na makufuli yako. Lobke ameshaandika jina lako daftarini. Umri na saa atakuuliza mwenyewe.

Dada yako,
Geeske