Injini Inayozaa Oili

Jumatano, 6 Machi

Sijawahi kumwambia mtu. Hata nikiwa peke yangu bafuni sijawahi kulisema kwa sauti. Nalisema hapa: injini ya Baba haizai oili. Naitia mimi.

Basi. Limetoka. Najiona kama nimevunja benki.

Ilianza Jumapili. Baba alikuwa amemaliza kuifumua injini ya pikipiki ya mashindano kwa mara ya tatu. Silinda ameitanua, kaweka pistoni kubwa, hedi, kile kifuniko cha silinda, kaichonga mpaka imekuwa nyembamba. Mara mbili za kwanza iliishiwa oili, ikanoki, ikakwama ghafla na kufa—kraak!—na kila mara Baba alikaa wiki nzima akitazama ukuta. Safari hii akaitia oili kwa kipimo, kisha akanikabidhi kazi: "Wewe ndiye msomi. Kuanzia leo oili ni yako." Kitabu cha injini ni cha Kiingereza. Baba injini anaisoma kwa vidole. Kitabu namsomea mimi.

Na nilimsomea vizuri! Pikipiki isimame wima, mtu mmoja aishike, mwingine achungulie kidirisha cha kioo ubavuni mwa injini. Oili iwe kati ya mstari wa chini na wa juu. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

Lakini kushika kunataka mtu wa pili. Na gereji alikuwepo Cheche peke yake, yule kijana mchomeleaji wa jirani. Niliona afadhali injini ife kuliko kumwambia Cheche "nishikie". Nikapima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Kidirisha kikavu! (Oili ilikuwa imelalia upande wa pili, sasa najua.) Nikatia robo lita.

Jumatatu Baba akaiendesha, akarudi, akaikalia wima, Dada akachungulia. Oili imepita mstari wa juu. Wakapima tena. Vilevile.

"Oili hupungua," Baba akasema polepole. "Hii imeongezeka."

Kisha akacheka. Nikasema nimwache acheke dakika moja, halafu nimwambie. Jana ilishuka kidogo, akageuka kuutazama ukuta. Nikatia kikombe. Leo anapiga mluzi tangu alfajiri.

Alhamisi, 7 Machi

Baba kashindwa kujizuia. Kamwambia mwalimu mstaafu wa fizikia, anayekaa nyumba ya pili. Mwalimu kaja na miwani, daftari na kiti chake mwenyewe. Kaitazama injini saa nzima. Akasema hewa ikibanwa sana kwenye hedi iliyochongwa vile, tena kwa moto ule, haiwezi kukosa kugeuka kitu. Kwani dunia ilitengenezaje mafuta? Kwa kubana! Baba akawa anaitikia kwa kichwa kama mshitakiwa anayesomewa kwamba hana hatia.

Nikaambiwa niiandike nadharia hiyo kwa Kiingereza, ipelekwe "kunakohusika". Nimeiandika. Kiingereza safi kabisa. Nimeweka hata vichwa vya habari. Najichukia.

Jumamosi, 9 Machi

Watu! Mmoja kaleta chupa ya soda, anataka oili ya bawaba za mlango—eti hii ina baraka, ya dukani ni ya biashara tu. Mwingine kaja na pikipiki yake, kamwomba Baba waziegeshe pamoja siku mbili tatu, huenda na ya kwake ikashika mimba. Baba hakukataa! Alisema atafikiria.

Cheche akashauri injini ilindwe, isije ikawa kuna mtu anaitia. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Mwanamke akijifungua," Baba akamuuliza, "unamwekea askari?"

Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nikacheka, ila nilichelewa, nikajikuta nacheka peke yangu. Cheche akanitazama. Nikaenda kuosha ndoo iliyokuwa safi.

Jikoni Mama akasema niwaache tu wapige kelele. Tangu kiwanda kimwachishe baba yenu kazi, alisema, sijayaona magego yake. Leo nimeyahesabu yote.

Usiku huu nimetia tena. Kikombe kimoja. Kwa ajili ya magego.

Jumapili, 10 Machi

Mazoezi. Dada ndiye mwendeshaji wetu. Ana miaka ishirini na hajui kuogopa, sijui woga wetu wote nilipewa mimi.

Mzunguko wa kwanza moshi wa buluu. Wa pili moshi zaidi. Wa nne, kona ya tatu, gurudumu la nyuma likashika njia yake. Dada akalala ubavu, akateleza kama sabuni, akaishia kwenye majani. Kiwiko kimechunika chote. Mpira wa kupumulia wa injini ulikuwa unatema oili yenye povu juu ya tairi.

Baba alimkimbilia Dada kwanza. Naliandika hili ili nimtendee haki. Kisha injini.

"Baba, punguza hiyo oili," Dada akasema akiwa bado chini.

"Mjamzito hapunguzwi. Hiyo ni neema inamwagika."

"Neema gani inanitelezesha kona ya tatu?"

"Utaizoea, mwanangu."

"Nitaizoea nikiwa marehemu!"

Jioni nikafungua kitabu, ukurasa wa 41. Oili ikizidi, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani, huipiga mpaka iwe povu. Povu halilainishi kitu. Presha hupanda, oili hutafuta pa kutokea. Baba akauliza hapo wanasema nini. Nikasema—Mungu anisamehe—ni ukurasa wa rangi za pikipiki. Akauliza kama nyekundu ipo.

Mashindano ni Jumapili ijayo. Waendeshaji kumi na wanane. Dada akianguka mbele, kuna kumi na saba nyuma yake.

Jumatatu, 11 Machi

Sitii tena. Hata tone. Itashuka yenyewe. Baba atahuzunika, atapona. Shingo ya Dada si kitu cha kupona.

Jumatano, 13 Machi

Imepanda!

Sijagusa! Sijaingia hata gereji! Dada kachungulia mbele ya macho yangu: kidirisha kimejaa mpaka juu, mstari hauonekani. Baba kapiga magoti. Mwalimu kaandika saa na dakika.

Nimekaa chooni nikawaza mpaka miguu ikafa ganzi.

Ijumaa, 15 Machi

Imepanda tena. Jana Baba alitoa kidogo, eti ni sadaka si kupunguza, kumpa yule wa bawaba, leo imejaa upya.

Naogopa kuandika. Nimeanza kuamini. Labda vikombe vyangu vilikuwa vya kuianzishia tu, kama unavyomwaga maji kwenye pampu kavu halafu yanakuja yenyewe. Darasani mwalimu wetu wa fizikia kauliza nani ana swali. Mkono wangu ukapanda mpaka kwenye sikio. Nikajikuna sikio.

Lakini itoke hewani, itoke mbinguni, oili ikizidi imezidi. Ukurasa wa 41 hauulizi imetoka wapi. Na Baba kaapa haigusi mtu injini yake mpaka mbio ziishe.

Nilijaribu kumwambia Dada. Nilisimama mlangoni kwake. Akasema, "Nini wewe?" Nikasema naazima kitana.

Jumamosi, 16 Machi

Saa nne asubuhi. Niko gereji, nimekaa juu ya tairi kuukuu. Nimejifungia. Baba na Dada wamekwenda kuandikisha namba ya mashindano, watarudi mchana.

Nimefungua bolti ya chini. Naitoa oili yote, kisha nitatia lita moja na robo, kipimo cha kitabu, nifunge. Beseni liko chini. Ajabu inavyoshuka taratibu! Imetoka lita mbili na bado inatiririka, nyembamba kama uzi. Kwenye karatasi ya mwisho ya daftari hili nimemwandikia Baba. Kila kikombe, kila siku. Nitaichana nimpe mkononi wakirudi. Nitampa kisha nitakimbia, lakini nitampa. Nimeandika kwamba injini ni nzuri, kwamba haihitaji kuzaa chochote, kwamba

Nyayo uani.

Si Baba, Baba anatembea kwa kishindo. Ni kandambili. Na kitu kinachezacheza ndani ya dumu: chubwi, chubwi.

Ufunguo unatafuta tundu. Sikujua kama kuna ufunguo wa pili. Anaongea peke yake kwa sauti ya chini:

"Haya bibie, kunywa kidogo. Kesho mwenyewe anataka kucheka mbele za watu."

Mama!

Nitalificha daftari ndani ya tairi, karatasi ya Baba ndani ya daftari. Bolti ninayo mkononi. Hiyo siwezi kuificha, mlango unafungu—